Mkorosho Haupigwi Fimbo

Leo naanzia nyumbani, Mnero, wilayani Nachingwea.

Anayepajua Mnero anajua kwamba mwezi wa saba pale una harufu yake. Mikorosho inachanua, na ukiamka alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaanza, unasikia mabomba ya kupulizia yananguruma huku na huku, Miembeni, Ngongo, mpaka upande tunaopakana na Ruangwa. Vumbi la salfa linapanda kama moshi wa njano. Macho yanawasha, kifua kinabana, na shati ukilifua mara tatu bado linanukia. Yote hiyo ni vita na ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyavika maua unga mweupe mpaka yanakauka bila kushika korosho.

Mjomba wangu ana miaka 70 na kitu, na bomba lake hamwachii mtu. Mwaka jana salfa ilimwangusha. Alipulizia raundi mbili, ubwiriunga ukakaa palepale. Akachota salfa kiganjani, akainusa, akaisugua kwa kidole gumba, akasema, "Hii imechanganywa." Jua halijawa kali, amekwishapanda bodaboda kwenda kugombana na aliyemuuzia. Mkorosho hakuutukana. Hakuuchapa fimbo. Hakuuambia kwamba ungekuwa na imani ungepona.

Haya ya fimbo na imani ninayaongeza mimi, na ninayo sababu. Katika ukoo wetu tuliwahi kumtibu mtu, dawa ikashindwa, tukamchapa yeye.

Nitabadilisha mawili matatu ili asijulikane. Ni kijana, mtoto wa dada yangu kwa mama mkubwa. Dada amekwishatangulia mbele ya haki. Sisi Wamwera ukoo tunaufuata kwa mama, kwa hiyo mjomba kwetu si mtu wa kupewa shikamoo tu akapita. Mjomba ndiye mwenye neno. Na kwa kijana huyu, mjomba ni mimi. Yule mzee wa bomba ni babu yake, mwenye neno juu ya neno langu.

Kijana alikuwa na miaka 19. Kilichosemwa ni kwamba hana haja na wasichana, tena yuko rafiki yake waliyekuwa wakiandikiana kwenye simu maneno ambayo, kwa macho ya walioyasoma, mwanamume hamwandikii mwanamume mwenzake. Simu ikashikwa, ikasomwa kwa sauti, kikao kikaitwa. Mimi niko Dar es Salaam. Nilipopigiwa nilisema neno ambalo sisi watu wa mjini hulisema tukitaka tuonekane tuna busara: "Msimfukuze jamani, mtafutieni tiba." Nikatuma shilingi laki moja na nusu, nikalala usingizi mzuri.

Tiba ikaanza. Mganga wa kwanza alisema ni jini mahaba, jini mwanamke mwenye wivu, asiyetaka kijana aoe. Akamchanja, akamfukiza. Mtu wa pili, wa mji mwingine kabisa, alijiita daktari. Akamchoma sindano alizosema ni za kuongeza uanaume, asiandike popote ni sindano gani. Wa tatu walikuwa watu wa maombi. Kule alikaa siku tatu bila chakula wala maji, kwenye chumba chenye mkeka na ndoo, watu wakipokezana juu ya kichwa chake usiku na mchana. Kila baada ya muda wanamuuliza, "Limetoka?" Siku ya tatu akasema, "Limetoka." Vigelegele vikapigwa. Akaletewa uji.

Baadaye sana aliniambia habari za uji ule. Ulikuwa wa mahindi, wa vuguvugu, hauna sukari, umewekwa kwenye kikombe cha plastiki cha kijani chenye ufa ukingoni. Aliniambia, "Mjomba, hakikutoka kitu. Mimi nilitaka uji."

Wiki mbili zikapita, wakaona ni yuleyule. Sasa sikilizeni walivyosema. Hawakusema dawa imeshindwa. Walisema yeye amelirudisha lile jini kwa imani yake haba. Magunia mawili ya ufuta yalikuwa yamekwenda, na mbuzi, na laki yangu na nusu, na mwenye makosa akawa mgonjwa. Siku hiyo ndipo alipopigwa. Akaondoka alfajiri, na mpaka leo hajarudi Mnero.

Najua wapo wanaonyoosha mkono kuzima redio. Ngojeni kidogo. Sikuja kufasiri Biblia wala msahafu, wala sikuja kuwafundisha mkae vipi na watoto wenu. Ninazungumzia dawa tu. Kwetu Mnero tuna hospitali ya misheni, watu wanatoka mbali kuja kulazwa pale, na kila aliyewahi kukaa kwenye benchi lake anajua kanuni: kwanza wanakupima, halafu wanakutibu, na dawa isipokubali wanabadilisha dawa. Hii tiba ya kumgeuza mtu anayempenda wa jinsia yake haina hatua hizo hata moja. Kipimo ni minong'ono. Dozi haina mwisho. Na ikishindwa, kosa ni la mgonjwa, siku zote.

Na huo unaoitwa ugonjwa ulikwishafutwa kwenye orodha ya magonjwa zamani. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuondoa mwaka 1973. Shirika la Afya Duniani likafuata tarehe 17 Mei 1990. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo sasa ana wanawe. Hata hivyo, mwaka 2021 waandishi wa tovuti ya openDemocracy walijifanya wateja wakazungukia vituo vya afya vya Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, wakakuta wahudumu walio tayari kuitoa tiba hiyo. Nilipoisoma habari ile nilizikumbuka zile sindano zisizoandikwa.

Basi kijana akaenda wapi? Hili ndilo hasa lililonileta leo. Aliwapata watu. Ni kikundi cha kwenye simu. Wamo wa kwetu, wamo wa Kenya na Uganda, na wote wamepitia mlango wa namna hiyo: kufukizwa, kufungiwa, kuchomwa sindano, kuozwa kwa nguvu ili "akili imrudie". Wanajiita manusura. Anayewaongoza ni mwanamke wa makamo ambaye sitamtaja jina wala mji. Aliwahi kuimba kwaya, akaombewa yeye mwenyewe miaka mingi, na alipotokea kuonekana kama amepona, akawa ndiye anayeletewa wengine awaombee. Alifunga na wasichana wawili mpaka mmoja wao akazimia mikononi mwake. Hapo akaacha.

Niliomba kuzungumza naye. Alinichunguza wiki tatu nzima kabla hajakubali, na ana haki. Nilitarajia mwanaharakati mwenye maneno ya semina. Nikakuta mtu mchovu, anayejibu simu usiku wa manane kwa sauti ya chini kwa sababu chumba cha pili wamelala watu. Nikamuuliza mtu akiingia kikundini huwa anamfanyia nini. Akasema, "Ninamuuliza amekula." Nikangoja. Akasema, "Basi. Akiwa hajakula tunachanga, anatumiwa hela ya chakula. Mengine yatakuja yenyewe au hayatakuja."

Kanuni zao ni chache. Mtu hashauriwi chochote wiki ya kwanza, hata akiomba ushauri. Hakuna kuulizana majina ya vijiji. Anayetaka kuendelea kusali na asali, maana wengi wao bado wanaswali na wengine wako kanisani kila Jumapili, na yule mama hapendi kabisa mgeni akiingia na kuwacheka kwa hilo. Kuna mmoja, akasema, alikaa kikundini mwaka mzima bila kuandika neno. Kila asubuhi aliweka alama ya dole gumba kuonyesha yu hai. Mwaka ulipotimia akaandika, "Habari za asubuhi." Mama huyu alinisimulia hili akinyamaza katikati, na mimi nikasikia jogoo wa kwao akiwika kwenye simu.

Hawana ofisi wala bango, na sababu inajulikana. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 154, inataja kifungo kisichopungua miaka 30. Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo alitangaza kikosi kazi na kuwataka wananchi wataje majina ya mashoga. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa tamko kwamba huo haukuwa msimamo wa serikali. Tamko lilitoka, lakini majina yalikuwa yamekwishatajwa. Jamani, hilo neno shoga lenyewe! Bibi zetu wa pwani waliitana shoga kwa mapenzi, barazani, wakisukana nywele. Leo ukimwita mtu hivyo sokoni anaangalia nyuma kama kuna wanaokuja na mawe.

Nilidhani habari ya yule mama, mponyaji aliyegeuka kuwa mlinzi wa waliojeruhiwa, ni ya peke yake. Nikaanza kusoma. Loo! Karibu kila mahali ninapokuta watu wanaongoza manusura, nakuta miongoni mwao yupo aliyewahi kushika bomba.

Marekani mwaka 1976 lilianzishwa shirika la kidini liitwalo Exodus, kuwatoa watu kwenye mapenzi ya jinsia moja kama Waisraeli walivyotolewa Misri. Mmoja wa waanzilishi wake, Michael Bussee, alijitoa mwaka 1979, yeye na mwanamume mwenzake waliokuwa wakifanya kazi hiyo pamoja. Miaka 28 baadaye, Juni 2007, alisimama mbele ya waandishi wa habari California pamoja na wenzake wawili, Darlene Bogle na Jeremy Marks wa Uingereza, ambao nao waliwahi kuongoza huduma kama zile, wakaomba radhi hadharani. Siku hizohizo ulikuwa unafanyika mkutano wa kwanza wa manusura, na mmoja wa walioulea ni Peterson Toscano. Mwaka huohuo, yeye na mwanamke wa Denver, Christine Bakke, walikuwa wameanzisha mtandao wa kusaidiana wa watu waliotoka kwenye tiba hizo.

Toscano ndiye ninayempenda zaidi kati ya hawa, kwa sababu anachekesha. Alijitibisha miaka 17, akatumia zaidi ya dola 30,000. Sehemu ya miaka hiyo aliishi kwenye kituo kiitwacho Love in Action, mjini Memphis, ambako sheria zilikuwa nyingi kuliko za bweni. Zilipovuja mwaka 2005, watu walisoma kwamba nguo za Calvin Klein hazikuruhusiwa mle. Alipotoka hakuandika kitabu cha machozi. Akatunga igizo la kuchekesha, akacheza wahusika wote peke yake, akazunguka nalo. Watu wa Mnero wangemwelewa. Kwetu hata msibani huwa wapo watani wa kumwiga marehemu.

Na mkurugenzi wa kituo kile, John Smid? Aliondoka mwaka 2008. Mwaka 2011 akaandika kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kukutana na mwanamume hata mmoja aliyegeuka. Alan Chambers, rais wa mwisho wa Exodus, alisema mwaka 2012 kwamba asilimia 99.9 ya aliokutana nao hawakubadilika, na Juni 2013 akaomba radhi na shirika likafungwa. Asilimia 99.9! Salfa ya namna hiyo ingekuwa imeuzwa Nachingwea, muuzaji angelala polisi.

Lakini kabla shirika hilo halijafungwa lilikuwa limekwishafika kwetu. Machi 2009 ulifanyika mjini Kampala mkutano wa siku tatu, wageni Wamarekani watatu wakifundisha hatari za ushoga na jinsi ya kuwaponya mashoga. Mmoja wao, Don Schmierer, alikuwa kwenye bodi ya Exodus. Padri Kapya Kaoma wa Zambia alikaa mle ndani akarekodi na kuandika. Oktoba mwaka huohuo muswada ukapelekwa bungeni Uganda. Sheria waliyonayo sasa, ya mwaka 2023, inairuhusu mahakama kuagiza aliyetiwa hatiani apewe huduma za kumrekebisha. Hapo ndipo ninapopigwa na butwaa. Wenye dawa kwao wameitupa na kuomba msamaha, sisi tumeiokota jalalani tukaiweka kwenye sheria, halafu tunasema ushoga ndio ulioletwa na Wazungu.

Tena Afrika tuliwahi kuijaribu tiba hii kwa umeme. Jeshi la makaburu, Afrika Kusini, miaka ya sabini na themanini, lilikuwa na wodi katika hospitali ya kijeshi ya Voortrekkerhoogte ambako askari vijana walionyeshwa picha za wanaume na kupigwa shoti. Aliyesimamia, Kanali Aubrey Levin, baadaye alihamia Kanada akaendelea na kazi ya udaktari wa akili, na mwaka 2013 mahakama ya Calgary ikamtia hatiani kwa kuwadhalilisha kingono wagonjwa wake wa kiume. Sina la kuongeza hapo.

Ninayetaka kukaa naye kidogo ni mzee mmoja wa Uganda, Christopher Senyonjo, aliyezaliwa mwaka 1931. Alikuwa askofu wa Kianglikana wa Buganda Magharibi mpaka alipostaafu mwaka 1998. Akafungua mahali pa kutoa ushauri nasaha Kampala, kazi ya kawaida ya askofu mstaafu: ndoa zinazovunjika, watoto watukutu. Mwaka 2001 wakaanza kumjia vijana waliofukuzwa makwao na makanisani. Wakubwa wake walimtaka awalaani na kuwageuza. Yeye akawasikiliza, akawaambia Mungu anawapenda walivyo. Kwa hilo alizuiwa kuhudumu, akavuliwa uaskofu, akapoteza na pensheni yake. Fikirini mzee wa miaka 70, mke na watoto, pensheni imekwenda, kwa sababu ya kukataa kutoa dawa asiyoiamini.

Januari 2011 alipouawa David Kato, mwanaharakati maarufu wa Uganda, maziko yalikuwa kijijini kwao Mukono. Mchungaji aliyeshika kipaza sauti akaanza kuwahubiria marafiki wa marehemu watubu, mbele ya jeneza. Kukawa na vurugu, wakamnyang'anya kipaza sauti, na wenyeji wakakataa kuzika. Vijana wakalibeba jeneza wenyewe mpaka kaburini. Aliyesimama akamsalia ni Senyonjo, ambaye kanisa lilikwishasema si askofu tena.

Na katika walioomba radhi yupo mwanasayansi mmoja pia. Robert Spitzer, yuleyule aliyekuwa mstari wa mbele mwaka 1973 kuufuta ugonjwa, mwaka 2001 alitoa utafiti wa watu 200 aliowahoji kwa simu, akasema baadhi wamegeuka. Utafiti ule ukawa kama cheti cha tiba dunia nzima. Alikuwa amewauliza tu, nao wakamjibu, naye akaandika. Yaani "Limetoka?" "Limetoka." Hakujiuliza nani kati yao alikuwa anangoja uji. Mwaka 2012, karibu anatimiza miaka 80, mgonjwa wa Parkinson, aliamka usiku akaenda kwenye kompyuta yake akaandika barua ya kuomba radhi kwa kila aliyepoteza muda na nguvu zake kwa sababu ya utafiti huo.

Sheria za kuikataza tiba hii zipo sasa: Malta tangu Desemba 2016, Kanada tangu Januari 2022, na nyingine. Yule mama nilipomtajia alisema, "Vizuri," kisha akaniomba radhi, kuna simu nyingine inaingia.

Nikamuuliza siku ile kama huwa anawaomba radhi wale wasichana wawili aliofunga nao. Akasema mmoja alimtafuta miaka minne akampata, akamwomba, naye akamjibu "sawa" tu, na hawajazungumza tena. Wa pili, aliyezimia, hakumpata. "Ndiyo maana silali mapema," akasema. Nikaelewa kwamba kwa mtu huyu kikundi hiki si shirika hata kidogo. Ni deni.

Mimi nami ninalo langu, la laki na nusu. Nilimwomba kijana radhi kwa simu, vibaya, nikijieleza mno. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Babu hajambo?"

Babu. Nirudi sasa kwenye shamba, pale nilipowaacha na bomba la kupulizia. Jioni ile mzee alirudi na salfa nyingine, ameshinda ugomvi. Tukakaa chini ya mwembe, miguu yake imejaa unga wa njano mpaka magotini. Sikuwa nimepanga kumsimulia lolote. Nilimweleza tu kwamba kijana yupo, mzima, ana kazi ya ufundi, ana watu wanaomwuliza kama amekula. Habari za uji nilimwambia pia. Mzee alikuwa anakwangua salfa kwenye kucha kwa njiti. Hakuinua kichwa.

Akasema, "Yule wa sindano hakunipa hata risiti."

Nikasema ndiyo, mjomba.

Giza likaanza kuingia, mbuzi wakarudishwa, mtoto akaleta maji ya kunawa. Mzee akanawa mkono mmoja, akasita. Akasema, "Ukizungumza naye, mwambie ule mkorosho wa mama yake, ule wa karibu na njia, nimeupulizia. Nimeanza na ule."